Bei ya Fundi na Lugha Yake

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumefunzwa tangu shule ya msingi, tukaiandikia insha, tukaifafanua kwa mifano ya watoto watundu na wazazi wazembe. Hata hivyo, methali yenyewe haisemi kuziba ufa ni shilingi ngapi. Wala haisemi mwenye ufa atajuaje kwamba bei aliyotajiwa ni ya kuuziba wote, au ni ya kuupaka chokaa juu juu tu usionekane. Makala haya yanahusu jambo hilo ambalo methali imelinyamazia, yaani namna ya kuisoma bei ya fundi. Yamkini msomaji atastaajabu kuona mada ya saruji na mabati ikibisha hodi katika jarida la wapenzi wa Kiswahili. Nia yangu ni kuonyesha kwamba bei ya fundi ni matini kama matini nyingine, na kwamba asiyejua kuisoma huweza kupoteza kwa wiki moja alichokidunduliza kwa miaka kumi.

Mama yangu ni muuza nafaka katika soko la Voi. Nyumba yetu ni ya mawe, yenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 8, na ilijengwa na marehemu baba mwaka 1989. Kufikia mwaka 2023 mabati yake yalikuwa yameliwa na kutu, dari ya vyumba viwili imelegea, na plasta ya jikoni inabanduka kwa vipande. Mama alikuwa na shilingi 600,000. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa akiba ya chama cha akina mama aliyoiweka kwa miaka 11, na iliyosalia ilikuwa mkopo kutoka chama cha ushirika. Fedha hizo hazikuwa na ndugu wa kuzifuata. Zikiisha kabla ya paa kwisha, tungelala chini ya anga.

Mama hukisoma Kiswahili bila taabu, lakini Kiingereza cha ofisini humpiga chenga. Nilipofika likizoni mwezi Julai mwaka huo, alinikabidhi karatasi alizokusanya na kuniambia, "Mwanangu, wewe ndiwe msomi wa lugha. Nisomee hizi, kisha uniambie nani kati yao ananidanganya."

Bei zilikuwa tatu. Ya kwanza ilitoka kwa fundi mmoja mkongwe wa mtaani, naye hakuandika chochote. Alizunguka nyumba, akatazama juu, akasema, "Laki tatu na nusu, kazi na vifaa." Mama ndiye aliyeinakili nyuma ya risiti. Ya pili ilitoka kwa mwanakandarasi mdogo wa mjini. Ilikuwa ukurasa mmoja wenye mistari tisa, na jumla yake shilingi 512,000. Ya tatu ilitoka kwa kampuni ya ujenzi. Ilikuwa na kurasa nne za Kiingereza kilichojaa vifupisho, na mwishoni jumla ya shilingi 696,000. Kazi ilikuwa ileile moja, ya nyumba ileile moja, lakini bei ya juu ilikaribia kuwa maradufu ya ile ya chini. Mtu angeweza kuamua papo hapo kwamba kampuni ni wanyang'anyi na fundi ni mwungwana. Angeweza pia kuamua kinyume chake, kwamba kampuni ndiyo yenye ujuzi na fundi ni mbabaishaji. Hukumu zote mbili zingekuwa za haraka, kwa sababu hadi hapo tulikuwa tumeona tarakimu tu. Hatukuwa tumesoma.

Mwanafunzi wa sarufi anajua kwamba kishazi tegemezi hakijitoshelezi. Mtu akisema "mtoto aliyeanguka" kisha akanyamaza, tutasubiri atuambie mtoto huyo amefanywa nini. Bei nayo ndivyo ilivyo. "Laki tatu na nusu" ni kishazi tegemezi. Laki tatu na nusu kwa paa la ukubwa gani? Kwa mabati ya unene upi? Pamoja na kuondoa mabati makuukuu, au bila kuyaondoa? Bei haiwi sentensi kamili hadi itaje kazi, kiasi, ubora na mipaka. Basi nilichofanya kwa siku mbili ni kuzikamilisha sentensi hizo tatu, ili ziweze kulinganishwa.

Nilianza na ile ya kampuni, maadamu ilikuwa na maelezo mengi zaidi. Kwanza nilikutana na kodi. Kazi yenyewe ilikuwa shilingi 600,000, na juu yake asilimia 16 ya kodi ya ongezeko la thamani, yaani shilingi 96,000. Fundi wa mtaani na yule mwanakandarasi mdogo hawakuwa wamesajiliwa kwa kodi hiyo, na kwa hivyo sheria haiwaruhusu kuitoza. Kwa mwenye nyumba kodi ni fedha halisi zinazotoka mfukoni, wala hana pa kuzidai tena. Hata hivyo, anayetaka kulinganisha gharama ya kazi kwa kazi sharti aiweke kodi kando kwanza, la sivyo atamlaumu mjenzi kwa fedha zinazokwenda serikalini.

Pili, nilikuta shilingi 45,000 zilizoandikwa kama akiba ya mambo yasiyoonekana. Nyumba kuukuu ina siri zake, na hakuna ajuaye mchwa wamekula mbao ngapi hadi mabati yafunuliwe. Akiba ya namna hii si bei ya kitu chochote bado. Isipotumika hubaki kwa mwenye nyumba, alimradi hati iseme hivyo waziwazi. Nilipoiondoa, bei ya kampuni kwa kazi inayojulikana ilibaki shilingi 555,000.

Kisha nikairudia bei ya fundi wa mtaani. Nilimfuata kazini kwake nikamuuliza, kwa adabu, alivyoipata laki tatu na nusu. Alikuwa mkunjufu. Alieleza kwamba nyumba ni mita 10 kwa 8, hivyo paa ni mita 80 za mraba. Hapo ndipo penye kitendawili cha kwanza, kwa kuwa sakafu na paa havilingani. Paa hutokeza nje ya kuta ili mvua isizipige. Letu lilitokeza sentimita 60 kila upande, na hivyo urefu ukawa mita 11.2 na upana mita 9.2. Zidisha, upate mita za mraba 103 na ushei. Tena paa limeinama, na kitu kilichoinama ni kirefu kuliko kivuli chake. Kwa mwinamo wa nyuzi 30 hugawanywa kwa 0.866, na jibu huwa karibu mita za mraba 119. Kati ya 80 na 119 kuna mita 39 ambazo hazikuwamo katika laki tatu na nusu. Na hapo sijataja kwamba bati moja hulalia jingine, hivyo kila bati hufunika upana mdogo kuliko upana wake lenyewe.

Kitendawili cha pili kilikuwa cha geji. Fundi alikusudia geji 30, ilhali kampuni na mwanakandarasi walikuwa wameandika geji 28. Mtu asiyejua angedhani 30 ni bora kwa kuwa ni kubwa. Katika mabati hesabu hukimbilia nyuma, kwani kadiri tarakimu ya geji inavyopanda ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Fauka ya hayo, bei ya fundi haikuwa na mifereji ya maji ya mvua, wala kubeba vifusi, wala jukwaa la kupandia, wala dari na rangi yake. Nilizichukua bei za vipengele hivyo katika hati ya kampuni, nikazijaza mapengo ya fundi moja baada ya jingine. Mita 39 zilizosahaulika, kwa shilingi 1,000 kila mita, ni 39,000. Tofauti ya geji, kwa shilingi 300 kila mita ya mraba katika mita 119, ni 35,700. Mifereji 28,000, vifusi 15,000, jukwaa 20,000, dari na rangi 30,000. Laki tatu na nusu ikafika shilingi 517,700.

Msomaji na ashuhudie mwenyewe. Mwanzoni tofauti kati ya bei ya chini na ya juu ilikuwa shilingi 346,000. Baada ya sentensi zote mbili kukamilishwa, tofauti iliyosalia ilikuwa kati ya 517,700 na 555,000, yaani shilingi 37,300. Sehemu kubwa ya kile tulichokiona kuwa uroho wa mmoja na ukarimu wa mwingine ilikuwa kodi, akiba, na mambo ambayo hayakutajwa.

Je, fundi alikuwa anamdanganya mama? Hilo ndilo swali nililopewa, na jibu langu lilikuwa la. Nilipomwonyesha orodha yangu hakukasirika. Alicheka akasema, "Kijana, mimi hutaja bei ya kuanzia. Mengine tutaona mbele." Katika maneno hayo mawili, "tutaona mbele", kuna mfumo mzima wa biashara. Wateja wake wengi hawana fedha zote kwa mpigo. Hujenga kidogo kidogo, leo mabati, mwezi ujao mifereji, mwakani dari. Kwao bei ya kuanzia inatosha. Lakini kwa mtu kama mama, aliyekuwa na fungu moja lisilo na nyongeza, "tutaona mbele" ni maneno ya hatari. Mbele yake hapakuwa na kitu. Fundi alisema kweli kwa lugha yake, na mama angemwelewa vibaya kwa lugha yake mwenyewe. Migogoro mingi ya ujenzi huanzia katika kutoelewana kwa namna hii, kabla hata ya wizi kuingia.

Hapa naona ni vyema tutenganishe maneno matatu ambayo katika mazungumzo ya kila siku yote huitwa bei. La kwanza ni makisio. Haya hutolewa kwa kusikia habari za kazi au kuitazama kwa jicho tu, na hayamfungi mtu. La pili ni makadirio. Haya hutolewa baada ya kupima na kuhesabu vifaa, lakini bado yanaweza kubadilika kazi ikifichua jambo jipya. La tatu ni bei thabiti, ambayo mjenzi hujifunga nayo kwa kazi iliyoelezwa, hata kama vifaa vitampanda bei. Mteja anaposikia bei thabiti ilhali fundi ametamka makisio, uhasama umekwisha kupandwa. Ni jambo jepesi kuuliza tangu mwanzo, "Je, haya ni makisio, makadirio au bei thabiti?" Swali hilo halimvunjii mtu heshima.

Bei thabiti nayo huwa na muda wake. Ukurasa wa mwanakandarasi ulisema bei ni halali kwa siku 30. Mama aliona huo ni ujanja wa kumharakisha. Hata hivyo, mwezi huohuo wa Julai 2023 kodi ya ongezeko la thamani kwa bidhaa za petroli ilikuwa imepandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, na shilingi yetu ilikuwa inazidi kudhoofika mbele ya dola. Mabati, misumari na nauli ya lori vyote vilihisi mtikiso huo. Mjenzi anayetoa bei isiyo na kikomo cha siku, ama ameongeza fedha za kujikinga bila kusema, ama atarudi baadaye kuomba nyongeza.

Zile shilingi 37,300 zilizobaki zilikuwa za nini? Watu wengi huamini kwamba bei ya haki ni vifaa pamoja na ujira wa mafundi, na kwamba kinachozidi hapo ni wizi. Sivyo. Kuna anayesimamia kazi, kuna simu na safari za kununua vifaa, kuna zana zinazochakaa, kuna siku za mvua ambazo vibarua hawafanyi kazi, kuna kurudi kurekebisha kasoro, na mwisho kuna faida, kwani mjenzi naye ana watoto wanaosoma. Kinachowachanganya watu ni hesabu yake. Tuseme kazi inamgharimu mjenzi shilingi 100,000, naye akaongeza asilimia 25. Bei itakuwa 125,000. Ukiuliza nyongeza hiyo ni sehemu gani ya bei, jibu ni 25,000 kati ya 125,000, yaani asilimia 20. Mjenzi atasema ishirini, mteja atasema ishirini na tano, na wote wawili watakuwa wakweli. Nimewahi kushuhudia watu wakigombana juu ya jambo la namna hii, pasi na mmoja wao kutambua kwamba kila mmoja anagawanya kwa tarakimu yake.

Mjomba alitupa ushauri mwingine. Alisema tununue vifaa wenyewe na kumlipa fundi ujira tu, ili tuepuke nyongeza hiyo. Njia hii hutumiwa na wengi, nayo ina faida zake kwa mwenye nafasi ya kusimamia. Lakini nyongeza haifutiki, ila humhamia mwenye nyumba. Ni yeye atakayelipa lori, atakayehesabu mifuko ya saruji asubuhi na jioni, atakayebeba hasara ya bati lililokatwa vibaya. Kila siku ambayo mama angeshinda akilinda misumari ingekuwa siku ambayo kibanda chake sokoni kimefungwa. Tena mafundi wengi wa njia hii hukadiria ujira wao kama sehemu ya bei ya vifaa, mathalani theluthi. Ujira ukipimwa hivyo, kila kifaa kinapokuwa ghali, fundi hupata zaidi. Hata bila nia mbaya, hana sababu ya kukutafutia duka la bei nafuu. Ni heri ujira utajwe kwa kiasi kamili, au kwa kila mita ya kazi.

Hatimaye mama aliegemea upande wa yule mwanakandarasi mdogo. Mistari yake tisa ilitaja geji, vipimo vya paa, mifereji, dari na rangi. Nilimpima kwa kipengele cha jikoni. Kuta zilikuwa tatu, kila moja mita 4 kwa 3, jumla mita za mraba 36. Plasta ya milimita 15 kwenye eneo hilo ni ujazo wa mita 0.54, na kwa mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga nne huhitaji takriban mifuko minne ya kilo 50. Yeye aliandika mitano. Mfuko mmoja wa ziada kwa ajili ya upotevu ni jambo la busara. Angeandika tisa, ningemuuliza mingine inakwenda kujenga nyumba ya nani. Kilichokosekana kwake ni vifusi na jukwaa. Alipoulizwa alisema, "Nilidhani mama ana vijana wa kubeba." Tuliongeza 35,000, bei ikawa shilingi 547,000, na neno "nilidhani" likaondoka mezani.

Kampuni haikuwa na kosa. Bei yake ilikuwa ya haki kwa kile ilichoahidi, ila pamoja na kodi ilizidi uwezo wetu. Hilo nalo ni somo, kwamba bei inaweza kuwa ya haki na bado isiwe yako.

Kabla ya kutia saini tulikubaliana mambo manne. Kwanza, mbao zilizoliwa na mchwa zingebadilishwa kwa bei iliyotajwa mapema, shilingi 75 kwa kila futi ya mbao ya inchi 4 kwa 2, pamoja na ujira. Pili, hakuna kazi ya ziada ingelipwa bila kuandikwa na kutiwa saini na pande zote mbili kabla ya kufanywa. Tatu, malipo yangefuata kazi. Asilimia 30 ingelipwa vifaa vikifika uwanjani, 30 mbao za paa zikisimama, na 30 kazi ikikamilika. Nne, asilimia 10 iliyobaki, yaani shilingi 54,700, ingekaa kwa mama kwa miezi sita.

Jambo la tatu halikutoka vitabuni. Jirani yetu mmoja alikuwa amemlipa mjenzi wake asilimia 70 kabla ya mchanga kushushwa. Mjenzi alifanya kazi siku nne, simu yake ikazimika, na nguzo alizoziacha ndizo watoto hufungia kamba za kuanikia nguo hadi leo. Aliyelipwa kazi yote kabla ya kuifanya, kinachomrudisha uwanjani ni dhamiri yake peke yake. Malipo ya awali si haramu, kwani mjenzi mdogo hana mtaji wa kununua mabati yote. Lakini yalingane na vifaa vinavyoonekana kwa macho.

Mabati yalipofunuliwa mwezi Agosti, futi 240 za mbao zilikuwa zimekuwa unga. Mama hakushtuka. Alizidisha kwa 75, akapata 18,000, akatia saini. Gharama yote ikawa shilingi 565,000. Mwishoni mwa mwaka huo zikaja mvua za El Niño zilizofurika sehemu nyingi za nchi. Paa letu lilivuja mahali pamoja tu, kwenye kiungo cha juu ya mlango wa nyuma. Mama alimpigia mwanakandarasi simu, naye akaja kesho yake na ngazi begani. Sina sababu ya kushuku uungwana wake. Lakini naamini zile 54,700 zilizokuwa bado mkononi mwa mama zilimsaidia kuikumbuka njia ya kwetu.

Sheria nayo haikumwacha mwenye nyumba mikono mitupu. Sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi ya mwaka 2011 iliunda mamlaka inayosajili wanakandarasi katika madaraja manane, na pia kuidhinisha mafundi stadi na wasimamizi wa ujenzi. Kumwomba mjenzi cheti chake ni haki ya mteja. Kwa migogoro ya fedha, Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016 ilifungua mlango wa madai yasiyozidi shilingi milioni moja, ambapo mdai anaweza kujitetea bila wakili. Lakini mahakama huuliza ushahidi. Ikiwa bei ilitajwa barazani na kunakiliwa nyuma ya risiti, na malipo yalifanywa kwa noti mkononi, mdai atabaki na machozi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Ndiposa narejea kwenye lugha, ambayo ndiyo iliyotukutanisha katika jarida hili. Mazungumzo yote kati ya mama na mwanakandarasi yalikuwa kwa Kiswahili. Walisalimiana, wakapunguziana bei, wakataniana kwa Kiswahili. Lakini ilipofika zamu ya karatasi, Kiswahili kilikaa nje kikingojea, kama kwamba ni kibarua asiyeruhusiwa ofisini. Ilhali Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Mkataba hauhitaji kuandikwa kwa Kiingereza ili uwe mkataba. Unahitaji kueleweka na wanaoutia saini. Ule wetu uliandikwa kwa Kiswahili, kurasa mbili, na mwanakandarasi mwenyewe alikiri kwamba ilikuwa mara yake ya kwanza kutia saini karatasi aliyoielewa yote.

Nilipokuwa nikiuandika niligundua kwamba maneno yapo. Saruji, kokoto, mchanga, plasta, dari, mifereji, vifusi, ujira, akiba, kasoro, nyongeza: hakuna hata moja lililonilazimu kupiga magoti mbele ya kamusi. Pale palipokosekana neno moja, maelezo ya maneno matatu yalitosha. Chama chetu kimefanya makongamano mengi kuhusu istilahi za isimu na fasihi, na hilo ni jambo jema. Napendekeza kwamba safari hii tuandae fomu moja fupi ya Kiswahili ya makubaliano ya ukarabati wa nyumba, yenye nafasi za kujaza vipimo, aina ya vifaa, mambo yaliyomo na yasiyokuwamo, hatua za malipo, na kiasi kitakachozuiliwa hadi mvua zipite. Kila mwanachama arudi nayo kwao likizo ijayo.

Hatutawageuza wazazi wetu kuwa wakadiriaji wa majengo, wala hakuna haja. Inatosha kwamba mtu aliyeweka akiba miaka 11 apate karatasi inayosema kwa lugha yake fedha zake zinakwenda wapi, na aweze kuweka kidole chake juu ya mstari na kuuliza, "Na hii hapa ni ya nini?"